Barua ya wazi kwa wakubwa wa Starfleet: mwenzetu akizidi akili ghafla, tukimbilie wapi?

Waheshimiwa maadmirali, shikamooni.

Najua huko kwenu San Francisco shikamoo hamuijui, ila mimi mtu wa Tanga siwezi kumsemesha mkubwa kavukavu, hata kama mkubwa mwenyewe anaishi ndani ya Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya vyombo vya nyotani, anaongoza Starfleet, jeshi lake la vyombo hivyo, na ofisi yake itafunguliwa mimi nimeshaoza. Na msiniambie nyie ni watu wa kutungwa kwa hiyo barua haitafika. Barua ngapi nimewaandikia wakubwa wa kweli, wenye ofisi na sanduku la posta na katibu muhtasi, na hazikufika? Bora nyie, angalau mnachofanya tunakiona wote.

Nimekaa injini rum za meli za mizigo miaka 11. Nilianza waipa, kazi ya kufuta mafuta na kusukuma takataka, nikaishia motamani, msaidizi wa mafundi wa mashine. Kwa hiyo nikiangalia vipindi vyenu siangalii kepteni aliyekaa kwenye kiti anaongea vizuri, naangalia wale wa chini, wanaoshika spana, wanaoambiwa nenda kaangalie kuna nini. Na kuna jambo moja limenikaa rohoni muda mrefu, nikasema leo niliandike liishe.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye chombo chenu mtu akigeuka mjinga ghafla mnamkimbiza zahanati mbio, daktari anamwinamia na kile kidude kinacholia wiiii, kila mtu ana wasiwasi. Ila mtu huyohuyo akigeuka jiniasi ghafla, usiku mmoja tu, mnampa kazi zaidi. Mnampongeza. Halafu yule mwenzake aliyekuwa naye jana, anayemjua, ambaye nywele zimemsimama kwa sababu huyu si yule, mnamwangalia kama vile ana wivu.

Tuanze na Kelso, maana huyu mmemsahau kabisa.

Kile kisa cha 1966, Enterprise, chombo cha kepteni Kirk, kimefika mpakani mwa galaksi, kimepita kwenye kile kitu kama ukuta wa mwanga, watu 9 wamekufa, na Gary Mitchell, mmoja wa maofisa wake, kapigwa na umeme hadi macho yamegeuka rangi ya fedha. Watu wengi wanakumbuka macho. Mimi nakumbuka kikao. Wakubwa wote wamekaa mezani, anaingia Lee Kelso, mtu wa kazi tu, ameshika kipande cha mashine kilichoungua. Anawaeleza kwamba alikwenda kumjulia hali mgonjwa, na mgonjwa, akiwa amelala pale kitandani, akamwambia kuna sehemu fulani kwenye injini imekwisha, kaiangalie. Kelso akaona ni utani, ila fundi ni fundi, akaenda kufungua. Na kweli pameungua, palepale, vilevile kama alivyoambiwa. Mitchell hajakanyaga huko! Kitu alikiona kwenye kichwa cha Kelso mwenyewe, ambaye alikuwa amepita pale na jicho lake likaona bila yeye kujua ameona.

Sasa angalieni uso wa Kelso pale. Hajafurahi kwamba hitilafu imepatikana. Ameshika kile chuma kama mtu aliyeokota kitu makaburini.

Na mlimfanyia nini Kelso baada ya hapo? Kikao kikaendelea. Spock, msaidizi wa Kirk, akasema huyu Mitchell ama tumwache Delta Vega, ile sayari yenye mitambo ya madini ambako meli inapita mara moja kwa miaka 20, ama tumuue sasa hivi tukiwa bado tunaweza. Daktari Dehner, ambaye ndiye mtaalamu wa akili pale, akawa upande wa kwamba mtu aliyezidi wenzake anaweza kuwa jambo zuri tu. Kirk katikati, na yeye ni rafiki wa Mitchell wa miaka mingi, mtu ambaye aliwahi kuokolewa na huyo huyo Mitchell. Wote watatu wana cheo, wote watatu walisikilizwa. Kelso akapewa kitufe. Ndiyo, kitufe. Walipofika Delta Vega kepteni akamwambia tegesha mitambo, kaa hapa, Mitchell akitoka bonyeza, kila kitu kilipuke. Yaani mtu wa kwanza kuona ndiye mkamkalisha peke yake mbele ya bomu, na ndiye wa kwanza kunyongwa, na waya uliojiinua wenyewe kutoka sakafuni nyuma yake. Hakuna hata mlinzi mmoja aliyekaa naye. Mimi nikiwa na zamu ya usiku kwenye meli ya makaa ya mawe nawekewa mtu wa pili, nyie mna teknolojia ya kuvuka nyota mnamwacha mtu mmoja.

(Hapa nitie neno dogo pembeni: huyu Mitchell, mwenye akili ya kusoma maktaba nzima kabla chai haijapoa, akamchongea Kirk kaburi na jina akaandika James R. Kirk. Wakati baadaye tumeambiwa ni James T. Miaka yote ya urafiki na akili ya kimungu, herufi moja imemshinda. Nacheka kila nikikumbuka, ila pia naona ndiyo dalili yenyewe, mtu anapanda mpaka anaanza kukosea vitu vya mezani kwake.)

Sasa kwa nini mimi baharia wa Tanga linaniuma hili. Kwa sababu nimewahi kuwa Kelso, ila mimi niko hai.

Meli sitaitaja wala kampuni, hawanidai siwadai. Tumepakia makaa ya mawe Richards Bay, Afrika Kusini, tunakwenda Karachi. Kwenye zamu ya saa sita usiku mpaka saa kumi tulikuwa mimi na jamaa mmoja tuliyemwita Kimya, na jina lilimtosha, maana unaweza kukaa naye saa nne ukasikia maneno sita. Kazi yake nzuri, ya kawaida, si fundi wa kutisha. Nyumbani kwao na kwetu ni mwendo wa bajaji.

Siku ya nne baharini Kimya akaweka kiganja juu ya pyurifaya namba mbili, ile mashine inayozunguka kuchuja maji na uchafu kwenye mafuta mazito, akatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akasema diski iliyomo humu ni kubwa, kesho itaanza kutupa mafuta upande wa maji. Nikamwambia acha mambo yako. Kesho yake alamu ikalia, mafuta yanakwenda kwenye tangi la uchafu badala ya kwenda kwenye injini. Sekondi, yaani injinia wa pili, akafungua, na kweli, mtu wa mwisho kuisafisha alirudishia diski saizi siyo. Sekondi akampiga Kimya begani, akasema huyu sasa ndiye motamani.

Jamani kama hamjawahi kukaa injini rum hamtaelewa sifa ile ina uzito gani. Baada ya hapo Kimya akafunguka. Akaanza kuongea. Akaomba vitabu vya mashine kwa chifu, injinia mkuu, akapewa, akavimaliza, akaomba vingine. Akawa anachora michoro nyuma ya karatasi za logi, mistari imenyooka kama kapiga rula. Akawa anamtania mpishi Mfilipino kwa lugha ya mpishi mpaka mpishi anashika tumbo. Akaniambia anazisikia silinda zote sita za injini kubwa moja moja, kila moja na sauti yake, ile ya nne inalalamika. Na chifu alipopima ya nne akakuta kweli joto la moshi limepanda kidogo.

Ila Kimya alikuwa halali. Mimi kabini yangu ilikuwa jirani na yake, nasikia kiti, nasikia karatasi, nasikia anaongea peke yake, saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku. Kwenye fomu ya mapumziko, ambayo sheria ya mabaharia inataka upate angalau saa 10 kwa kila saa 24, fomu yake ilikuwa imejaa vizuri kabisa, saa 10, saa 11, na saini. Fomu za kwetu zote hujaa vizuri, tusidanganyane.

Nikaenda kwa sekondi, nikamwambia Kimya hayuko sawa. Akaniuliza hayuko sawa kivipi, amekosea nini? Hapo nikakwama waheshimiwa. Hajakosea kitu. Ukiulizwa mwenzako amekosea nini na jibu ni kwamba hakosei, utasema nini? Sekondi akacheka, akaniambia wewe una wivu, na wewe ongeza bidii.

Usiku wa nane nimeshuka zamu nikaona kimya kisichokuwa cha kawaida, si kelele za injini maana injini inaunguruma palepale, ila ule mlio mdogo wa ubaoni, tiii tiii, unaoufuta halafu unarudi, haupo. Nimekwenda kwenye ubao wa alamu, taa zote zimetulia. Kimya amekaa mbele yake ameweka mikono mapajani. Ameshazizima zote za injini kubwa. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu kwa upole sana, kama anamweleza mtoto, kwamba zinampigia kelele kumwambia mambo anayoyajua tayari.

Sikubishana. Nilivuta ndoo nikaigeuza nikakaa, nikamuuliza habari za kwao, nani kaoa, ule mwembe wa kwa bibi yake bado upo? Akawa ananijibu, majibu marefu, yanapaa, yanakwenda kwenye nyota huko yanarudi kwenye mwembe. Mkono mmoja niko naye kwenye maongezi, mkono mwingine nyuma ya mgongo natafuta simu ya kumwita chifu. Dakika 20 hivi. Sijawahi kuogopa baharini kama siku ile, na sikumwogopa kwa kuwa ni mbaya, maana hakuwa mbaya, alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote ndani ya ile meli.

Karachi alishushwa, akarudishwa nyumbani. Hospitali walisema ni ugonjwa wa akili kupanda juu, una dawa. Chifu aliniambia neno moja, vizuri. Hakuna mwingine aliyeniuliza kitu chochote, si kepteni, si kampuni, si mtu wa bima. Fomu za mapumziko ziliendelea kujaa vizuri.

Kwa hiyo nilipokuja kumwona Barclay niliinuka kwenye kiti.

Kile kisa cha 1991 mnakijua, ila wasomaji wengine hawakijui acha nieleze. Reginald Barclay ni fundi kwenye Enterprise ya Picard, mtu wa aibu, anagugumia, wenzake wakimsema pembeni wanamwita Broccoli. Kipindi chenyewe kinaanza akiwa jukwaani anaigiza na daktari Crusher ule mchezo wa jamaa wa pua ndefu, na hawezi, unamwonea huruma. Halafu darubini kubwa ya Argus imekata mawasiliano, wanakwenda kuangalia, wanakuta kuna kifaa kigeni kinaelea pale. Barclay anapanda chombo kidogo pamoja na bosi wake Geordi La Forge kwenda kukichunguza, mwanga unapiga, fuu, Barclay chini. Geordi hana kitu.

Akizinduka ndiyo ule mwendo wa Kimya nilioushuhudia kwa macho yangu. Kile kifaa kinaifuata Enterprise, topido haiwezi kupigwa kwa vile kiko karibu mno, Barclay anaongeza nguvu ya ngao kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria na meli inapona. Pongezi. Halafu jukwaani anaigiza hadi watu midomo wazi. Halafu anakesha na Einstein wa holodeki, kile chumba cha kompyuta kinachotengeneza watu na vitu vya kuigiza, wanabishana hesabu ubaoni. Halafu anamtongoza mshauri wa meli, Troi, na anatongoza vizuri! Na kwenye kikao walipouliza kama Barclay amefanya lolote la kutisha, jibu alilokuja nalo Troi ni hilo la kutongozwa, wakatabasamu. Daktari ameshapima ubongo anajua kabisa huyu si binadamu wa kawaida tena, na kikao kinatabasamu.

Mwangalieni Geordi. Geordi ndiye sekondi na ndiye mimi kwa pamoja. Ni bosi wake, ni mtu aliyehangaika naye tangu enzi za Broccoli, anampenda, anataka afanikiwe. Na ndiye anayekaa naye kwenye ile karakana anamwona anavyoongea haraka, anavyowaacha wenzake nyuma, na anakosa neno la kusema kwa sababu kila analofanya ni sahihi. Niambieni, kwenye vitabu vyenu vyote vya kanuni Geordi angejaza fomu gani? Mna kanuni daktari anaweza kumwondoa hata kepteni kazini akiona hafai, nzuri sana, tunaisifu. Ila mpige Barclay mtihani wowote wa kufaa, atafaa kuliko wapimaji.

Mwisho mnaujua. Mitambo ya darubini inataka kulipuka, kompyuta inamchelewesha Barclay, anakwenda holodeki anatengeneza kiti cha kuunganisha kichwa chake na kompyuta ya meli, na kompyuta inaanza kuongea kwa sauti yake. Picard anamwamuru ajitoe, anajibu hawezi, akijitoa anakufa. Chombo chenye watu zaidi ya 1,000, wakiwemo watoto wa shule, kinabebwa miaka ya mwanga 30,000 hadi katikati ya galaksi bila kepteni kutaka. Bahati yenu waliokuwa wakiwaita kule ni watu wema wanaotaka kupiga stori tu, wana desturi ya kuwaleta wageni kwao badala ya wao kusafiri. Bahati. Mngekutana na wengine leo tungekuwa tunaandika tanzia.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria ya akili iliyozidi mnayo! Ipo, kali kweli. Daktari Bashir, yule wa kituo cha Deep Space Nine, wazazi wake walimpeleka kuongezewa akili kabla hajafika miaka 7, kwa siri, kwa kuwa alikuwa anabaki nyuma ya wenzake. Ilipojulikana, kisa cha 1997, baba yake akakubali kwenda jela miaka miwili New Zealand ili mtoto abaki na kazi. Yote hiyo kwa sababu bado mnamwogopa Khan na wenzake, wale madikteta waliotengenezwa zamani wawe na akili na nguvu kuzidi binadamu. Sawa, hofu yenu naielewa. Ila ona mnavyochagua. Bashir alikaa na hiyo akili miaka na miaka, anatibu watu, anacheza vishale, hajamdhuru mtu, mnafungua mashtaka. Barclay ameipata kwa ajali jumatatu, jumatano amejichomeka kwenye kompyuta ya meli, sheria imekaa kimya. Akili ya kununua mnaihukumu, akili ya kuangukiwa mnaipa zamu ya ziada.

Msiseme haiwezekani kupima. Hata hawa wanaanga wetu wa sasa, wa kweli, wanaokaa kituo cha kimataifa kule juu, wanafanya mitihani midogo ya akili kwenye kompyuta na kila mtu anapimwa na rekodi yake mwenyewe aliyoiacha chini, si na ya mwenzake. Scott Kelly alikaa siku 340, 2015 mpaka 2016, pacha wake Mark amebaki duniani kwa kulinganisha, na aliporudi wakaona kasi na usahihi wake umeshuka. Waliona kwa sababu walikuwa na cha kulinganisha. Ila mnaona wanachokitafuta? Kushuka. Kila mahali watu wanatafuta kushuka. Sijaona fomu, ya kwetu baharini wala ya kwenu nyotani, yenye kisanduku kilichoandikwa amepanda.

Uhura naye nimtaje, na siyo kwa sababu jina lake limetoka kwenye uhuru wetu tu, ingawa nakiri kila nikimwona Nichelle Nichols amekaa pale na kile kidude sikioni najisikia dada yetu yupo kazini. Kwenye kisa cha 1967 kile kifaa kinachoitwa Nomad kilimfuta akili yote, ikabaki tupu kama ubao, ikabidi afundishwe kusoma upya toka herufi. Na neno la Kiingereza likimshinda anarudi kwenye Kiswahili, nesi anamvuta tena kwenye Kiingereza. Sisi huku tunapiga makofi, si unaona, wamefuta kila kitu Kiswahili kimebaki! Lakini angalieni mlivyomhudumia. Nesi amekaa naye, daktari amekaa naye, mtu na kitabu mkononi, neno kwa neno. Kumbe mnaweza. Aliyeshuka mlimpa mtu wa kukaa naye. Mitchell alipewa chumba chenye ukuta wa umeme na Barclay akapewa funguo.

Ninachoomba si kikubwa. Mtu akipigwa na mwanga wowote, kifaa chochote, wingu lolote huko, wiki mbili asiguse kompyuta ya meli peke yake, hata kama ametoka kuiokoa meli, na hasa kama ametoka kuiokoa. Wawepo watu wawili, na mmoja awe ni anayemjua tangu zamani, si mlinzi mwenye bunduki. Yule mwenzake akija kusema huyu si yule, asiulizwe amekosea nini. Aulizwe analala? Anakula? Anakusikiliza ukiongea au anasubiri umalize? Anakumbuka jina lako la utani? Haya ni maswali ambayo mpishi wa meli anaweza kujibu, hayahitaji kile kidude cha wiiii. Na atakayesema aandikwe jina, kwamba fulani alisema siku fulani, ili kesho msije mkasema hakuna aliyejua. Kelso alisema. Alikuja na chuma mkononi.

Na neno wivu mlifute kabisa kwenye vikao vyenu. Ukimwonea mtu wivu unataka kuwa yeye. Mimi usiku ule juu ya ndoo sikutaka kuwa Kimya, nilitaka Kimya arudi.

Swali langu la mwisho ni lile la chesi. Barclay ameshapona, amerudi kuwa Barclay wa aibu, anatembea na Troi, anapita meza ya watu wanaocheza, anamwambia mmoja wao unammaliza mwenzako kwa hatua tisa. Troi anamuuliza sikujua kama unacheza chesi, anasema sichezi. Kikafungwa hapo kipindi. Je Troi aliripoti? Nani anafuatilia? Kwa sababu Kimya naye yuko nyumbani sasa, anakunywa dawa zake, anaendesha bajaji, ameshakuwa yule yule wa maneno sita. Ila mwezi uliopita alinipeleka bandarini, tukasimama tunangoja abiria, akageuza shingo akasema ile boti ya njano pampu yake inavuta hewa. Nikamwambia acha mambo yako. Akacheka, akawasha bajaji.

Sijaenda kuuliza ile boti. Nikienda nitawaandikia.

Wenu mtiifu,
motamani mstaafu, Tanga